Usukani Ukilala Upande, Tafuta Kilichosogea Chini

Miaka michache iliyopita tulitoka Rungwa alfajiri, tukapita Mwamagembe na Mitundu, vumbi limetupaka hadi kwenye kope, na njia yote hiyo sikuona kasoro yoyote kwenye gari. Porini mikono ya dereva haitulii. Unakwepa shimo, unafuata nyayo za lori lililotangulia, unapanda ukingo wa korongo gurudumu moja likiwa hewani, na usukani unakwenda kulia na kushoto mfululizo. Katika hali hiyo hakuna ajuaye katikati yake iko wapi.

Tulipokanyaga lami ya Itigi kuelekea Manyoni, barabara ikanyooka, injini ikatulia, nami nikalegeza mabega. Hapo ndipo nilipoona. Gari lilikwenda moja kwa moja bila shida, lakini nembo iliyo katikati ya usukani ilikuwa imeinama kulia. Usukani ungekuwa saa ya ukutani, basi mshale uliopaswa kusimama juu kabisa ulikuwa umesogea hadi dakika ya tatu. Nikaunyoosha. Gari likaanza kuhama kushoto taratibu, kama ng'ombe aliyeona majani kando ya njia.

Mwenzangu niliyekuwa nikipokezana naye usukani, mzee aliyeendesha magari ya miradi kwa muda mrefu kuliko umri wangu wa kazi, alikuwa kiti cha pembeni amefumba macho. Alihisi gari likihama, akafumbua jicho moja, akatazama nembo. "Kuna kitu kimesogea huko chini," akasema, kisha akakaa sawa na hakulala tena.

Sentensi hiyo ya mzee ndiyo makala haya yote. Kwa mtu anayeendesha gari katika Mkoa wa Singida, kuanzia vijiji vya Mkalama hadi mapori ya Manyoni na Itigi, usukani uliolala upande ni jambo la kawaida baada ya safari ngumu. Kwa sababu ni la kawaida, tumelizoea, na tukishalizoea tunalitibu vibaya.

Nchi yenyewe haijawahi kuwa nyepesi kwa msafiri. Ukanda huu wa Manyoni na Itigi ndio misafara ya karne ya 19, ikitoka pwani kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora, iliuita Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba kwa Kinyamwezi. Wapagazi waliogopa ukame wake na miiba yake. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipita huko mwaka 1857 na kuandika habari zake. Leo reli inapita, lami inapita, lakini ukichepuka kilomita chache tu unaingia kwenye vichaka vya Itigi, uoto wa aina yake ambao nje ya hapa unapatikana tena huko mpakani mwa Zambia na Kongo. Miti yake ni myembamba, ina urefu wa mita tatu hadi tano, na imeshikana kiasi kwamba hata mbuzi hujiuliza apite wapi. Njia za ndani hufunguliwa kwa panga. Panga hukata mti mshazari, na kinachobaki ni kisiki chenye ncha, urefu wa kiganja, ambacho mvua moja tu inatosha kukifunika kwa nyasi. Kisiki hicho hakigongi bampa. Kinapita chini yake na kwenda kugonga fimbo za stelingi.

Upande wa pili wa mkoa, ukishuka milima ya Sekenke kwenda Shelui, adui ni mwingine. Bonde la Wembere lina udongo mweusi, ule wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu na masika hugeuka gundi. Gari linalonasuliwa humo kwa mnyororo, likivutwa na trekta huku magurudumu yamekatwa upande, hupata mvuto ambao mtengenezaji wake hakuukusudia. Halafu kuna njia za kawaida tu za vijijini, zenye rasta zile za vumbi zilizojipanga kama ubao wa kufulia. Hizo hazivunji kitu kwa siku moja. Zinalegeza nati, polepole, kila siku kidogo.

Tulisimama gereji ya kwanza tuliyoiona. Kijana akaja, akatazama, akatabasamu. "Bosi, hii dakika kumi tu. Naung'oa usukani, naurudisha ukiwa umenyooka."

Naomba nisimame hapa kidogo, maana pendekezo hilo utalisikia karibu kila mahali, na yeyote anayelikubali analipia kuficha ugonjwa. Usukani umekaa juu ya shina lenye meno madogo, na kweli unaweza kung'olewa na kurudishwa jino moja au mawili pembeni. Nembo itasimama. Dereva atafurahi. Lakini kule chini kilichosogea kitabaki kimesogea, na sasa hakuna tena alama ya kukutahadharisha. Boksi ya stelingi, au reki kwa magari madogo, ina katikati yake iliyotengenezwa kiwandani. Ikifanya kazi nje ya katikati hiyo, gari litakata kona vizuri upande mmoja na upande wa pili litahitaji uwanja wa mpira. Kwa magari yenye mfuko wa hewa kuna hatari zaidi: chini ya usukani kuna utepe wa waya uliozungushwa kama kamba ya saa, umepimwa uzunguke idadi fulani kila upande. Ukikosea nafasi yake, siku moja ukikata kona hadi mwisho utakatika, na mfuko ule hautafunguka siku ya ajali. Magari mapya zaidi yana kitambuzi kinachoiambia kompyuta usukani umegeuzwa nyuzi ngapi. Ukiupachika usukani upya bila kukirekebisha, kompyuta inadhani unakata kona kumbe unakwenda sawa, na inaweza kushika breki ya gurudumu moja bila kuombwa.

Mzee alimshukuru kijana, akamwambia usukani haujakosa kitu, tukaondoka. Tulikwenda taratibu hadi Manyoni.

Fundi wa pili hakugusa usukani kabisa. Kwanza aliuliza tulikotoka na tulichobeba. Kisha akapima upepo wa matairi yote manne, kwa sababu tairi moja likipungua upepo gari huvuta upande wake na ukaishia kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Akachungulia ndani ya rimu kuona kama kuna tope lililokauka. Hili nalo ni somo kwa wanaotoka Wembere: kilo moja ya tope iliyoganda upande mmoja wa rimu hutikisa usukani kiasi cha kukufanya uamini boljointi zimekwisha, na dawa yake ni maji na mti wa kukwangulia.

Halafu akamwomba mzee akae kwenye kiti, injini imezimwa, autikise usukani kidogo kidogo, kulia na kushoto, kama mtu anayebembeleza mtoto. Yeye akalala chali chini ya gari na kuweka kiganja juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine: tairodi endi ya kulia, ya kushoto, viungo vya fimbo inayotoka kwenye boksi, bushi za ile fimbo inayoizuia ekseli isiyumbe pembeni. Aliniita nami niweke kiganja. Kiungo kizima kinasogea pamoja na fimbo yake, husikii kitu katikati. Kiungo kilichochoka kinachelewa. Fimbo inaanza, kiungo kinangoja, halafu kinagonga kiganja, tk, kama kucha kwenye meza. Vyetu vyote vilikuwa kimya. Kwa mafundi wengi kazi ingeishia hapo, na wangeanza kuzungusha fimbo za mbele hadi nembo inyooke.

Yeye akaenda nyuma. Gari letu lilikuwa Land Cruiser ya mkonga, ukoo ule ambao Toyota iliutoa kwanza mwaka 1984 na ambao hadi leo ndio punda wa hospitali, wanyamapori na miradi yote ya porini. Nyuma lina springi za mabapa. Akachukua futi, akapima kutoka kwenye ekseli hadi kwenye pini inayoshika springi kwa mbele, upande wa kushoto, akaandika kwa chaki sakafuni. Akapima kulia. Tofauti ilikuwa sentimita mbili. Ekseli ya nyuma, upande wa kulia, ilikuwa imerudi nyuma sentimita mbili.

Akamulika tochi. Juu ya kitako cha springi kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, chuma kilichosuguliwa kutu ikatoka, mahali ambapo bapa lilikuwa limeteleza. Nati za yubolti, zile zinazofunga springi na ekseli pamoja, mbili zilizunguka kwa mkono bila spana. Na senta bolti, chuma kisichozidi sana urefu wa kidole kinachopita katikati ya mabapa yote na kuweka ekseli mahali pake, kilikuwa kimekatika shingoni. Rasta zililegeza yubolti, mapipa ya maji na mafuta tuliyobeba yakaongeza mzigo, korongo moja likamaliza kazi.

Kwa nini ekseli ya nyuma iuinamishe usukani wa mbele? Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko kitabu cha ufundi. Usukani si neno la gari. Tumelipata baharini, kutoka Kiarabu, na katika jahazi sukani haikai mbele kwa nahodha kutazama. Inakaa tezi, nyuma kabisa, ndani ya maji, na ndiyo inayoamua omo ielekee wapi. Ekseli ya nyuma ikisogea upande mmoja, inakuwa sukani ya tezi. Yetu ilikuwa inasukuma tako la gari kulia, na pua ikataka kwenda kushoto. Ili gari liende sawa, ilibidi magurudumu ya mbele nayo yaelekezwe kulia kidogo, yafanane na ya nyuma. Gari zima likawa linatembea mshazari, mwili umeelekea huku na safari inakwenda kule. Aliyekuwa nyuma yetu barabarani angeliona hilo kabla yetu.

Hesabu yake si ngumu. Sentimita mbili kati ya springi zilizoachana mita moja hivi ni pembe ya nyuzi moja na ushei. Boksi ya stelingi ya gari la aina hii hugawa mzunguko mara 15 hadi 20, yaani gurudumu likigeuka nyuzi moja usukani umegeuka 15 hadi 20. Na kila dakika katika uso wa saa ni nyuzi sita. Nembo yetu iliyofika dakika ya tatu ilikuwa inasema, kwa usahihi kabisa, sentimita mbili za nyuma.

Wakainua chasisi kwa jeki na kuiegemeza kwenye stendi, wakafungua yubolti, wakairudisha ekseli kwa mnyororo na mtaimbo, wakaweka senta bolti mpya na yubolti mpya. Za zamani zilikuwa zimeshavutika. Chuma kilichovutika hakishiki tena hata ukikaza kwa nguvu zote. Fundi alikaza kwa kupishanisha, mbele kulia, nyuma kushoto, kidogo kidogo, na akatuagiza tusimame baada ya kilomita mia moja tukaze tena. Tulipoingia barabarani nembo ilikuwa imesimama wima. Hakuna aliyekuwa ameugusa usukani.

Si kila usukani ulioinama una ugonjwa wa nyuma. Mara nyingi kisiki kimegonga mbele, na hapo ni lazima ujue gari lako lina mfumo gani, kwa kuwa dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine.

Magari yenye ekseli nzima mbele, kama mkonga, yana fimbo mbili. Moja inaunganisha gurudumu na gurudumu. Hiyo ndiyo tairodi, na kazi yake ni kuamua kama matairi yanaangaliana au yanapeana mgongo. Nyingine, dragilinki, inatoka kwenye boksi ya stelingi hadi kwenye gurudumu moja. Kama tairodi ni nzima na nembo imeinama, urefu wa dragilinki ndio unaohitaji kurekebishwa. Unalegeza klampu zake, unaizungusha nusu mzunguko kwa spana ya bomba, unafunga, unakwenda kujaribu, unarudi. Kwa kuwa umbali kati ya magurudumu mawili haujaguswa, mpangilio wa matairi unabaki vilevile na usukani peke yake ndio unaohama. Ni kazi safi. Lakini anza kwa kuzitazama fimbo zote mbili kwa jicho moja, kama seremala anavyotazama ubao. Iliyopinda isinyooshwe kwa nyundo na moto ikarudishwa, kwa maana chuma hicho kimebeba maisha ya watu na kikishapinda mara moja kinajua njia ya kupinda tena. Nunua nyingine. Na kila kiungo kilichofunguliwa kirudishiwe kotapini mpya, si msumari.

Noah na Probox zinazobeba abiria kwenda vijijini zina reki, na kila gurudumu lina tairodi yake fupi. Hapo fundi akizungusha upande mmoja tu ili nembo inyooke, itanyooka kweli, na matairi yataanza kuliwa wiki hiyohiyo. Inabidi upande mmoja urefushwe na wa pili ufupishwe kwa kiasi kilekile, robo mzunguko kwa robo mzunguko, ili tofauti ya mbele na nyuma ya matairi isibadilike. Kuna kipimo kizuri kisichohitaji mashine: hesabu nyuzi za parafujo zinazoonekana nje ya nati, kulia na kushoto. Zikiwa karibu sawa, uko salama. Upande mmoja ukionyesha tano na mwingine kumi na tano, kuna kitu kimepinda na mtu fulani aliwahi kukificha.

Kuyapima matairi yenyewe kunahitaji chaki, futi na uwanja tambarare. Sukuma gari mbele mita chache usukani ukiwa umenyooka, usilirudishe nyuma. Piga alama katikati ya kila tairi la mbele, upande unaotazama mbele, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu, upime umbali kati ya alama hizo. Sukuma tena hadi alama zilezile zifike nyuma, kimo kilekile, upime. Gari kubwa lenye ekseli nzima kwa kawaida hutaka mbele pawe sawa na nyuma au pungufu kwa milimita moja hadi tatu. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Futi ya fundi makini inakaribia mashine kuliko watu wanavyodhani. Jambo lenyewe ni la kale: fundi wa magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, alitafuta namna ya kuyapa magurudumu mawili pembe tofauti kwenye kona mwaka 1817, na Rudolph Ackermann akaisajili London mwaka uliofuata. Fimbo zilizo chini ya gari lako ni wajukuu wa kazi hiyo.

Na kwa yule anayesema gari linakwenda tu, usukani kuinama kidogo kuna hasara gani, nampa hesabu ya mpira. Chukua tairi lenye kimo cha sentimita 80. Kama tofauti ya mbele na nyuma imefika sentimita moja, kila kilomita unayokwenda matairi mawili ya mbele yanagawana mita kumi na mbili na nusu za kusuguliwa pembeni. Kutoka Singida mjini hadi Dodoma ni takriban kilomita 240. Ukifika, kila tairi la mbele limeburutwa upande kama kilomita moja na nusu juu ya lami ya moto. Pitisha kiganja juu ya mpira, kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Ukiona njia moja ni laini na ya pili inakwaruza kama meno ya msumeno, umeshalipa.

Hasara ya pesa siyo inayonisumbua zaidi. Usukani ulioinama kwa sababu ya tairodi endi iliyokufa ni tofauti na ulioinama kwa sababu ya dragilinki iliyopungua nusu mzunguko, lakini vyote viwili dereva anaviona kwa namna moja. Cha pili kinaweza kusubiri Jumatatu. Cha kwanza kinaweza kuachia ukishuka Sekenke, pale barabara ile ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo inapopinda. Mtu aliyezoea nembo iliyolala hana namna ya kujua ni siku gani ugonjwa umebadilika.

Neno moja kuhusu kujaribu gari baada ya matengenezo, maana Singida ina mtego wake. Huu ni mkoa wa upepo, hata mipango ya kuzalisha umeme kwa upepo imeufuata huku. Upepo wa ubavuni ukipiga gari refu, utashika usukani ukiwa umeinama kuuelekea, na utarudi gereji kumlaumu fundi bure. Jaribu asubuhi mapema kabla haujaamka, au nenda na kurudi barabara ileile. Kama nembo imebadilisha upande, ni upepo. Kumbuka pia kwamba lami yetu imeinuliwa katikati ili maji yatiririke, nasi tunaendesha kushoto. Gari zima kabisa nalo hutaka kuteremka kidogo kushoto, kwa hiyo nembo iliyoinama kulia kwa upana wa unywele si ugonjwa.

Nawaomba madereva wenzangu, na zaidi nawaomba wenye magari na wakuu wa miradi wanaotuma vijana porini kisha wakahesabu lita za mafuta peke yake: ratiba ya safari iwe na nusu saa ya spana. Siku ya kurudi, kabla ya ripoti na kabla ya kuosha gari, yubolti zikazwe, fimbo zitazamwe, upepo upimwe. Na wewe uliyeshika usukani, mahali lami inapoanza, iwe Itigi, Shelui au Kiomboi, legeza mikono na uitazame nembo kwa kilomita moja. Ikiwa imelala, ingia gereji, na usimwambie fundi akunyooshee usukani. Mwambie atafute kilichosogea.